Simu Zote Kwenye Ungo

Mama yangu hajawahi kuiamini kesi ambayo jirani hakuisikia. Kwake, mambo yanayoamuliwa chumbani mlango ukiwa umefungwa ni ya aina mbili tu: wizi na uchawi. Yeye alizaliwa na kukulia kijijini Mwanda, juu mlimani, na nyumbani kwao maneno ya familia yalisemwa uani, mchana kweupe, watu wameketi kwenye mawe na vigoda, kila mmoja akiwa na ruhusa ya kuguna. Mtu akidanganya, anaguniwa mpaka anarudi kwenye ukweli mwenyewe. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba kesi ya binti yangu itasikizwa kwa simu, na kwamba hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuisikia, alinitazama kana kwamba nimemwambia mtoto ameuzwa.

"Na huyo hakimu atajuaje unasema kweli?"

"Atanisikiliza, mama."

"Haya. Na nani ataguna?"

 Nilikuwa nimejiuliza maswali mengi kuhusu ile kesi, lakini hilo halikuwa mojawapo.

Ulikuwa mwaka ule wa korona. Mimi nilikuwa nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja mjini Voi, ile kazi ya kutabasamu hata kwa mgeni anayekutukana. Wageni wakakauka, hoteli ikafungwa, nikafungasha vitu vyangu na binti yangu wa miaka saba tukapanda mlimani kwa mama. Baba yake mtoto alikuwa Nairobi. Tulikuwa tumeachana zamani kidogo, bila kelele na bila kuvunja hata sahani, jambo lililozisikitisha koo zote mbili, kwa sababu hakuna aliyepata cha kusimulia. Mtoto alikaa nami, yeye akawa anampigia simu, na mambo yakaenda.

Halafu shule zikafungwa, na masomo yakahamia kwenye simu. Siku moja baba yake akapiga akitaka kumwona mtoto akisoma, akaona picha ya mdomo wangu ulioganda katikati ya neno. Akapiga tena, akasikia kama mtu anayekoroma ndani ya pipa. Sikumsikia kwa siku chache, nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa kwa wakili. Akaomba korti impe mtoto akae naye Nairobi, na hoja yake ilikuwa moja tu: kwamba kule mlimani hakuna mtandao, pasipo mtandao hakuna masomo, na mama anayemweka mtoto mahali pasipo masomo hamtakii mema.

Korti nazo zilikuwa zimefungwa milango, kesi zinasikizwa kwa video. Hebu itazame vizuri hiyo haki. Nilitakiwa kutetea mtandao wa Mwanda nikiwa juu ya mtandao wa Mwanda. Nikikatika katikati ya sentensi, sina haja ya kuendelea, nimeshashindwa. Ingekuwa korti ya kawaida ningeshuka Voi, nikavaa viatu vyangu vya kisigino, nikaketi kwenye benchi moja na yeye, naye angenikwepa macho kama kawaida yake. Sasa yeye alikuwa na waifai ya kulipia na wakili, mimi nilikuwa na bando na Mungu. Nilikasirika hadi nikakosa hamu ya chakula. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu tupu, kwa sababu kila usiku mtoto alilala amenishika kidole, nami nilikuwa nikihesabu kwamba huenda hakimu akakifungua kile kiganja kwa kubonyeza kitufe.

Mtandao wa kwetu si kwamba haupo. Upo, ila ni mmoja na sisi ni wengi. Kuna mnara mmoja tu unaotutazama, na ukungu ukiondoka asubuhi, simu inashika vizuri mpaka watu wamalize chai. Hapo ndipo wale vijana waliorudi kutoka Mombasa kabla njia hazijafungwa wanapoamka na kuanza kutazama video, na mnara unachoka. Nikazunguka ile safu yote ya nyumba, mlango kwa mlango, nikiomba jambo moja: kesho kuanzia saa nne, kila mtu azime simu mpaka nitakapowaambia. Wote walikubali. Watu wa kwetu hawakukatalii kitu usoni, hilo ndilo tatizo lao.

"Umewaamini?" mama akaniuliza jioni. "Yule mwenye posho mill ya kusaga unga hata kanisani hazimi simu."

"Ameahidi, mama."

"Mm," mama akaguna, akaenda kulowesha maharagwe. Nililiona lile sufuria. Niliona kwamba ni lile kubwa la matanga na harusi. Sikulitilia maanani.

Asubuhi nilivaa blauzi yangu ya kazini, nikaipiga pasi hadi kola ikasimama, na chini nikajifunga leso, maana hakimu hangeona huko. Nikatoka nje na simu mkononi nitafute mahali pazuri. Ua ulikuwa umejaa majirani. Walikuwa kwenye mawe, kwenye vigoda, kwenye benchi la kanisa ambalo sijui nani alilibeba, kila mtu umbali wa mita moja na mwenzake kama serikali ilivyosema, barakoa ziko kidevuni. Mama alikuwa amesimama langoni na ungo. Kila aliyeingia alizima simu mbele yake, akamwonyesha kioo cheusi, kisha akaiweka kwenye ungo. Yule mwenye posho mill alikuwa ameketi mbele kabisa.

"Mama! Hii kesi ni ya siri!"

"Siri ni ya hao wenye korti. Sisi hatukuja kusikiza. Sisi tunalinda mtandao."

Kabla sijapata pumzi ya kubishana, naibu wa chifu akafika mbiombio na kofia yake, akitaka kujua nani ametoa ruhusa ya mkutano na watu wamekatazwa kukusanyika.

"Weka simu," mama akamwambia.

"Mama, mimi niko kazini. Hii ni ya serikali."

"Hiyo ndiyo inakula mtandao sana. Na ile ingine iliyo mfukoni."

Naibu wa chifu alinitazama mimi, akautazama ungo, akanusa hewa iliyotoka jikoni, ambako kimanga cha maharagwe na mihogo kilikuwa kimeanza kupondwa. Akaweka simu zote mbili, akatafuta jiwe lililo mita moja na majirani, akaketi.

Saa nne ilikuwa imefika. Niliketi mgongo ukiwa umeelekea ukuta wa jiko ili kionekane kipande cha ukuta tu, nikaisimamisha simu kwenye kigoda juu ya debe, nikafinya linki. Nakuambia, sijawahi kuona mtandao kama ule. Ulitulia kama maji ya mtungini. Hakimu akatokea, mama wa makamo mwenye miwani, nyuma yake pazia la maua, na mahali fulani karibu naye jogoo akawika. Kumbe naye alikuwa kwake. Roho yangu ikatulia kidogo. Wakili akatokea na tai. Halafu baba mtoto akatokea, na nyuma yake kabati la vitabu kutoka sakafuni hadi darini. Niliishi na mtu huyo miaka mingi na kitabu pekee nilichomwona nacho ni kile cha maelekezo ya televisheni.

"Hii ni kesi ya mtoto," hakimu akasema. "Inasikizwa faraghani. Kila mmoja anithibitishie kwamba yuko peke yake chumbani."

"Niko peke yangu, mheshimiwa," akasema mwenye vitabu.

"Mheshimiwa," nikasema kwa ile sauti yangu ya mapokezi, "chumbani kwangu hamna mtu hata mmoja."

Na hamkuwa na mtu. Wote walikuwa nje.

Wakili akazungumza kwa kirefu juu ya elimu ya kisasa. Nilimjibu kwamba mtoto anasoma kila asubuhi kabla ya mnara kuchoka, na mchana anasoma vitabu vyake vya shule na nyanya yake. Sikukatika hata silabi moja. Nikaona wakili anaanza kuisogelea kamera, kama anayetafuta mahali nilipoficha waya. Kisha hakimu akamgeukia baba mtoto, akaanza kumuuliza maswali madogo madogo, yale ambayo hayako kwenye karatasi. Ukienda kazini nani atabaki naye? Akasema anafanyia kazi nyumbani. Mtoto anaogopa nini? Akatega kichwa upande, akasema, "Ngurumo, mheshimiwa." Ni kweli. Anapenda kula nini? Akatega kichwa tena, na hapo sote tukasikia kabati la vitabu likinong'ona: "Chapati."

"Chapati, mheshimiwa."

Mara mkono ukatoka katikati ya vitabu. Mkono tu, bila mwili, una bangili na kikombe cha chai. Ukakiweka kikombe mezani kwa upole, ukamezwa tena na vitabu. Niliujua mkono ule. Ndio ulionipokea siku ya harusi, na ndio ulionifundisha kukanda hizo chapati. Ulikuwa wa mama mkwe wangu.

Na nyuma ya simu yangu, ua mzima ukaguna.

Ilikuwa ile "mmmmh" ndefu inayoanza chini na kupanda, ile ya zamani, ya mtu aliyedanganya mbele za watu. Mwenye posho mill, ambaye sijui alinisogelea saa ngapi hadi pumzi yake ikawa sikioni mwangu, akashindwa kujizuia: "Wee! Nani huyo anatoka kwa vitabu?"

Hakimu akaweka kalamu chini. 

"Mama," akaniambia, "geuza simu."

"Mheshimiwa, ni..."

"Geuza."

Nikaigeuza, polepole, nikiomba mnara utuangukie. Haukuanguka. Siku ile ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la mtu aliye mwisho wa ua. Barakoa zote zikapanda puani kwa pamoja. Naibu wa chifu akasimama wima, akavua kofia.

"Hawa ni akina nani?"

Mama yangu akajongea mbele na ungo wake, akauinamisha ili hakimu azione simu zilivyolala. "Mheshimiwa, hamjambo huko. Hawa ndio mtandao wetu. Tumewaita hapa ili wasiutumie."

Akamweleza yote, kuanzia mnara hadi video za vijana. Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akamgeukia yule mwingine. "Na wewe bwana, ondoa hilo kabati." Kumbe ilikuwa picha tu ya kamera; vitabu vikatoweka. Kukabaki sebule kama ya watu wote, nguo zimeanikwa kwenye viti, na mama mkwe wangu kwenye kochi, amejikunyata na birika. Alipoona anaonekana, akaisogelea kamera. Mama yangu akapunga mkono. Wakaulizana hali za afya, mvua na miguu mpaka hakimu akagonga meza.

Ndipo aliposema maneno ambayo yamenikaa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mlango wa kesi kama hii haufungwi ili kuwaficha wakubwa. Unafungwa kwa ajili ya mtoto, asije akatumwa dukani kesho akute watu wanajua nani hakumtaka na nani alimlilia. Nikamtazama binti yangu, ambaye alikuwa ameketi mlangoni akimsuka mdoli wa maganda ya mahindi na kusikia kila kitu. Aibu ikanishika, ile ya kweli. Nilikuwa nimepigania haki yangu ya kusikika, na mwenye kesi hakuna aliyemuuliza.

"Sasa nitazungumza na mtoto," hakimu akasema. "Peke yake. Wengine wote mtoke kwenye simu. Na huko kwenu, watu wote watoke uani, na mama mtu pia."

"Na kimanga changu?" mama akauliza, lakini hakujibiwa, akaingia jikoni.

Nilimketisha mtoto kwenye kigoda changu, mbele ya simu. Akaniuliza, "Niseme nini?" Nilikuwa na hotuba nzima kooni. Nikaimeza. Nikamwambia aseme anavyotaka, nikawafuata watu waliokuwa wakishuka kuelekea migombani.  Niliogopa kama sijawahi kuogopa, kwa sababu Nairobi kulikuwa na katuni, na baiskeli, na nyanya wa chapati, na baba ambaye hakuwahi kumkemea kwa kuwa hakuwahi kukaa naye siku nzima.

Tulipofika migombani nikasikia mlio. Halafu mwingine. Halafu milio kama ndege wa asubuhi. Kila mtu, alipopita langoni, alikuwa ameokota simu yake kwenye ungo. Sasa walikuwa wameziwasha zote kwa mpigo mmoja, na ujumbe wa asubuhi nzima ulikuwa unaingia.

"Zimeni!" nikapiga kelele. "Zimeni, mtaniua!"

Nikapanda mbio, leso mkononi. Kigoda kilikuwa kitupu. Nikazunguka jiko, na huko nyuma, juu ya lile jiwe ambalo watoto wote wa pale hulipanda wakitaka kumpigia mtu simu, binti yangu alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, ameiinua simu angani kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, usiende," alikuwa akisema. "Ngoja kidogo. Hapa juu inashika."

"Nakusikia, mwanangu," ikasema simu.

Akaniona.  Alinipungia mkono mmoja, vile mtu anavyofukuza kuku kwenye mahindi, nami nikarudi migombani.

Uamuzi ulikuja siku ile ile. Hakimu alisema njia za Nairobi zimefungwa na hatamtoa mtoto mahali salama katikati ya ugonjwa ili ampeleke kwenye ugonjwa mwingi zaidi. Abaki nami, ampigie baba yake kila jioni akiwa juu ya jiwe, na njia zikifunguliwa, likizo zote kubwa ziwe za baba. Kuhusu mtandao alisema kwamba mtoto aliyeweza kumrudisha hakimu hewani hawezi kuitwa mtoto aliyekosa mtandao. Na alichoambiwa na mtoto, akasema, ni cha mtoto.

Watu walikula kimanga wakinung'unika kwamba wamenyimwa sehemu tamu. Naibu wa chifu, baada ya sahani ya pili, alitangaza kwamba mkutano haukuwa halali na kila mtu arudi kwake.

Hayo yamepita. Hoteli ilifunguliwa, tukashuka tena Voi, na binti sasa ana kimo changu. Kila likizo kubwa namsindikiza kituo cha treni, au baba yake anakuja kumchukua. Nilishamhonga kwa chapati anieleze alimwambia nini hakimu. Anacheka tu. Mwaka jana tulikuwa pale kituoni, yeye ameenda kununua maji, nikasikia baba yake anauliza kwa sauti ndogo, "Alishakuambia?"

"Hapana. Nilidhani wewe unajua."

"Mimi? Nilimnunulia hadi baiskeli."

Tukacheka hadi watu wakageuka. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu enzi za ndoa.

Lakini kulikuwa na mtu aliyejua. Niligundua hilo Krismasi iliyopita, tukiwa jikoni kwa mama tunachambua maharagwe kwenye ungo ule ule. Nilikuwa nasema, kama ninavyosema kila mwaka, kwamba hakuna aliyeyasikia maneno yale isipokuwa hakimu, mama akaguna. Nikamkazia macho. Jiwe lile liko nyuma ya dirisha la jiko. Kutoka ndani unaweza kumpa chumvi mtu aliye juu yake.

"Mama. Ulikuwa humu ndani?"

"Hakimu alisema watu watoke uani. Jikoni si uani."

"Miaka yote hii! Alisema nini?"

"Kesi ya mtoto husikizwa faraghani," akanijibu mama yangu, huyu huyu aliyemwita kila mwenye masikio. Nilimsihi. Nilimtukana kidogo. Akaendelea kutoa mawe, akiyatupa moja moja nje ya mlango, na nilipokuwa nimekata tamaa akasema bila kuniangalia:

"Alichagua. Aliulizwa, naye akachagua, hata hakufikiri. Kisha akamwomba hakimu asimwambie mtu, kwa sababu yule mwingine atalia."

"Yule mwingine nani?"

Mama aliutikisa ungo. Sikumuuliza tena, kwa sababu aliyekuwa tayari analia ni mimi.